Kipande Kilichoitwa Usafi

Jumanne asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi, Mhariri alifungua kompyuta yake kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akakuta maneno yote ya Mchoraji hayapo.

Hakuyaamini macho yake. Akashuka ukurasa mpaka chini, akapanda tena mpaka juu. Sura ya kitabu inayohusu chura ilikuwepo. Sura ya mizizi ilikuwepo. Maelezo ya kazi nayo yalikuwepo, yale makavu: "mguu wa nyuma uongezwe urefu", "jina la ua liandikwe kwa herufi ndogo". Lakini vile visanduku vya njano, ambamo kwa miezi saba mwanamume yule alikuwa akimwandikia mambo yasiyohusu chura wala mizizi, hakuna hata kimoja kilichoonekana. Vilivyobaki ni visanduku vya Mhariri mwenyewe, vya buluu, vimepangana kimoja chini ya kingine kama mtu anayeongea peke yake barabarani.

"Na mimi nilikuota," kilisema kimoja. Kikimjibu nani?

"Usinichekeshe, niko kwenye kikao," kilisema cha pili.

Cha tatu kilisema tu, "Nakupenda pia." Hicho ndicho kilichomkata maini.

Alikuwa mhariri wa vitabu vya shule, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwepesi wa kuona koma iliyokosewa na mzito wa kumwamini mtu. Mchoraji alikuwa anachora picha za vitabu hivyohivyo, naye aliishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Ndiyo maana walitumia daftari moja la kwenye kompyuta. Akiandika huyu kwake, yule anasoma kwake, papo hapo. Maneno yalikuwa ya wote wawili, ila mapambo kila mtu alikuwa na yake. Kwa Mhariri mapambo yalikuwa kazi ya dada yake, ambaye alibuni tovuti za watu kwa riziki yake na aliijua vizuri ile CSS, lugha ya kuziambia kurasa zivae vipi. Dada alimwandikia vipande vidogovidogo vya CSS: kimoja cha kukuza herufi, kimoja cha kuipa karatasi rangi ya maziwa, na kimoja cha visanduku, ili maoni ya mchoraji yawe ya njano na ya mhariri yawe ya buluu. Wakati huo maoni yalikuwa bado ya kazi.

"Dada," aliita.

Dada yake alitoka jikoni na kitambaa begani. Alimzidi miaka kumi na minne. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele, akamsimamia shule, akaachwa na wachumba wawili kwa sababu hawakutaka kuoa mke anayekuja na mdogo wake.

"Amefuta," Mhariri alisema.

"Nani amefuta nini?"

"Yeye. Amefuta kila alichoniandikia. Tangu siku ya kwanza."

Dada aliinama, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu. Akashusha pumzi.

"Si nilikwambia?"

Ndiyo, alimwambia. Jumapili iliyopita Mchoraji alikuja nyumbani kujitambulisha, kavaa shati lililonyooshwa mpaka likakakamaa, akakaa mbele ya shangazi, baba mdogo na Dada. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi alipomuuliza kama amewahi kuoa.

"Nimewahi, mama. Tuliachana miaka minne iliyopita."

"Nani alimwacha mwenzake?"

"Mimi niliondoka," alisema, hakuongeza neno. Dada akaweka kikombe chake mezani, na kuanzia hapo hakukinyanyua tena. Mgeni alipoondoka, Dada alisema neno moja tu: "Simwamini."

Sasa alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa mdogo wake. "Sisi tulimuuliza maswali magumu. Mwanamume mwenye nia njema angerudi na majibu. Huyu amerudi kuchukua maneno yake. Anafuta nyayo, mdogo wangu. Labda kuna mtu amerudiana naye."

"Mkewe?"

"Mimi sijui. Nasema labda."

Neno hilo, labda, lilimwingia Mhariri kama mwiba. Simu ilipolia mchana, ni Mchoraji, Mhariri aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Siku ya pili vilevile.

"Anataka kusikia kama unalia," Dada alisema. "Mnyime."

Akamnyima. Akamfungia namba, kwa kidole chake mwenyewe, Dada akiwa amesimama nyuma yake. Halafu akaandika kwenye daftari kisanduku kimoja cha buluu chenye neno moja: "Nimeelewa." Akasubiri siku nzima aone kama ataulizwa ameelewa nini. Hakuulizwa.

Wiki tatu zikapita. Kazi iliendelea, maana kitabu kilikuwa na tarehe ya kwenda kiwandani, na kila siku kulikuwa na maelezo mapya kwenye orodha ya kawaida. "Ua la pili nimelirekebisha." Mhariri aliyasoma hayo kama mpelelezi. Kwa nini ameweka nukta? Zamani hakuwa anaweka nukta. Kwa nini amelichora ua likiwa limeinamisha kichwa? Na yule msichana wa ukurasa wa arobaini, anayetazama kwenye hadubini, ana kidole kirefu namna ile, ni kidole cha nani? Alikikuza mpaka kikajaa kioo kizima, akitafuta alama ya pete.

"Leo ameandika nini?" Dada aliuliza kila jioni, akikung'uta maji mikononi.

"Habari za mizizi."

"Mh," Dada aliitikia, na kurudi jikoni.

*

Alhamisi wakakutana. Haikuepukika. Picha za mwisho zilitakiwa kupitishwa kwa macho ya watu, si kwa kompyuta, kwenye chumba cha mikutano cha ghorofa ya nne. Mkuu wa idara, mwanamke mfupi ambaye ofisi nzima ilimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, alikuwa amewawekea viti viwili upande mmoja wa meza.

Mchoraji aliingia na mkoba wake wa michoro. Alikuwa amekonda. Mhariri aliona hilo kabla hajajikataza kuona. Macho yao yakagongana, yeye akayakimbiza ya kwake kwenye dirisha.

"Mnajuana, sina haja ya kuwatambulisha," Kengele alisema, akicheka peke yake. "Fanyeni haraka, huyu bwana Jumatatu anatuhama. Amepata kazi kwenye jumba la makumbusho, mbali huko, kuchora mifupa. Hongera, bwana!"

"Asante, mama."

Kengele akatoka. Mlango ukajifunga taratibu, wenyewe.

"Hukuniambia unahama," Mhariri alisema akitazama karatasi.

Mchoraji aligeuka akamtazama kama mtu aliyezabwa kofi na asiyemjua.

"Sikukwambia?"

"Ukurasa wa kumi na mbili," Mhariri alisema haraka. "Tuanzie hapo. Nina kazi nyingine."

"Tuanzie hapo."

Mchoraji akafungua kompyuta yake. Mwanamke akafungua ya kwake. Wakawa wameketi bega karibu na bega, wanasoma ukurasa mmoja kwenye vioo viwili, wanasema "sawa" na "hapana" kama makarani. Chura sawa. Kiluwiluwi sawa. Walipofika kwenye mizizi, Mchoraji alikuwa bado anashuka, anashuka, wakati Mhariri ameshafika mwisho.

"Mbona ukurasa wako mrefu?" alimuuliza.

"Mrefu vipi?"

Akachungulia. Hakukusudia, jicho lilijiendea lenyewe. Kwenye kioo cha Mchoraji, katikati ya maelezo ya mizizi, kulikuwa na visanduku. Chake cha buluu, na chini yake kingine, cha kijivu, maana mwanamume huyu hakujali kupamba. Na chini ya hicho kingine. Vingi.

"Hivyo ni vya nini?" Mhariri aliuliza.

"Ni vya nini?" Mchoraji akacheka bila furaha. "Nimekuandikia, na wiki tatu unanipita kama jiwe la barabarani, leo unaniuliza ni vya nini?"

"Ulivifuta."

"Nilifuta nini?"

"Vyote. Jumanne ile. Niliamka nikakuta umevifuta vyote."

"Sijafuta hata nukta. Wewe ndiye uliyeandika umeelewa. Nikakuuliza umeelewa nini, kimya. Nikapiga simu, ukanifungia. Sasa nani kamfuta mwenzake hapa?"

Waliangaliana. Kila mmoja alikuwa anatafuta uongo usoni mwa mwenzake na hauoni, na kutouona huko kukawaongezea wasiwasi.

"Lete kompyuta yako hapa," Mchoraji alisema hatimaye.

Akaivuta. Alifungua mipangilio, akaenda sehemu ya mwonekano, akashuka mpaka kwenye orodha ya vipande vya CSS. Vilikuwa vinne, kila kimoja na swichi yake ndogo. Herufi-kubwa. Rangi-ya-maziwa. Visanduku. Na cha nne, ambacho Mhariri hakuwahi kukiona kwa sababu tangu apambiwe daftari hakuwahi kufika huko: Usafi.

"Hiki ni cha nini?" Mchoraji aliuliza.

"Sijui."

"Kiko kwenye kompyuta yako na hujui?"

"Nimekwambia sijui!"

Mchoraji akakizima.

Visanduku vya njano vikarudi vyote kwa mpigo mmoja. Ukurasa ulirefuka mbele ya macho yao. Kila neno la buluu lililokuwa linaongea peke yake likapata mwenzake. Mhariri aliweka kiganja mdomoni. Alishuka mpaka chini, kwenye yale ambayo hakuwahi kuyasoma.

"Umeelewa nini, mpenzi? Mbona hupokei simu?"

"Kama ni habari ya mke wangu, nitaieleza yote. Nilishindwa kumsema mtu asiyekuwepo mbele ya wazee wako."

"Leo nimechora msichana wa hadubini. Kidole ni chako. Ukiona kirefu sana usikisahihishe."

Na cha mwisho, cha siku kumi na tano zilizopita: "Nimepata kazi ya mbali. Neno lako moja linatosha nisiende. Nasubiri mpaka Ijumaa."

Ijumaa hiyo ilishapita, na nyingine baada yake.

Mtu mwingine angelia. Mhariri alitaka kulia, lakini kitu kingine kilimtangulia, kile kidudu kilichomla moyo wiki tatu na ambacho kilikuwa bado hakijashiba. Akageuka.

"Nitajuaje hukuviandika leo asubuhi?"

Ilimtoka kabla hajaipima.

"Rudia," Mchoraji alisema polepole.

"Kazi umeshapata, unaondoka Jumatatu. Labda unataka uondoke ukiwa mwema. Daftari lina historia ya kila ukurasa, linaonyesha kila neno liliandikwa lini. Naomba niitazame, basi."

Mchoraji alifunga kompyuta yake. Akakusanya michoro, ukurasa kwa ukurasa, akaiweka mezani mbele ya Mhariri ikiwa imepangwa sawasawa.

"Itazame," alisema. "Mimi wiki tatu nilidhani umenichoka, ikaniuma. Leo nagundua hukuwahi kuniamini hata kabla ya hapo. Hiyo inauma zaidi."

"Ngoja kidogo."

"Picha zote zimepita? Niambie kama zimepita, nina basi."

"Zimepita."

Akaondoka. Mhariri alibaki na kidole juu ya kitufe cha historia. Laiti ningeweza kusema hakukibonyeza. Alikibonyeza. Tarehe zikafunguka, moja baada ya nyingine, zote za kweli, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio.

Kisha akatazama tarehe ya kile kipande cha Usafi. Kilitengenezwa Jumapili ile ya kujitambulisha, saa kumi na mbili jioni. Mgeni alikuwa ameondoka saa kumi na moja.

*

Dada alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, miwani puani, anapanga picha za tovuti ya duka la magodoro. Mhariri hakuvua hata viatu.

"Usafi ni nini?"

Mikono ya Dada ikasimama. Hakuuliza usafi gani.

"Mistari mitatu," alisema. "Inasema kila kisanduku cha mchoraji kisionyeshwe. Basi."

"Basi?"

"Sikufuta neno hata moja. Ningeweza kufuta, nikashindwa. Nikasema nivifiche tu, upate kupumua, ufikiri bila kelele zake."

"Kila jioni ulikuwa unaniuliza leo ameandika nini." Mhariri alisogea karibu na meza. "Kila jioni, Dada. Ulikuwa unasimama pale unafuta mikono, unaniuliza, na unajua. Ulikuwa unaangalia nini usoni kwangu?"

Dada alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee ghafla.

"Nilikuwa naangalia kama inapungua," alisema. "Kama unaanza kupona. Mtu aliyeondoka kwa mwanamke mmoja anajua njia ya kutokea. Mimi niliachwa mara mbili, mdogo wangu, na wote walikuwa na maneno matamu."

"Uliachwa kwa sababu yangu. Najua. Nimeishi nalo tangu nina miaka kumi na miwili."

"Sijawahi kukudai hilo."

"Hujawahi. Lakini safari hii umechukua bila kudai."

Dada alifumba macho kama aliyechomwa. Alipoyafumbua, yalikuwa na maji, ila mdomo ulikuwa bado mkali.

"Nimekosa. Ninakwambia nimekosa, na sitajitetea. Lakini nikuulize kitu kimoja. Yeye yuko saa tatu kwa basi. Wewe una miguu. Mistari mitatu tu, na mkakaa wiki tatu kila mtu na ubishi wake. Nilikuwa naogopa atakuja kugonga mlango siku ya pili. Nilikuwa nimeshaandaa cha kumjibu. Hakuja. Na wewe hukwenda. Huo si mkono wangu."

Hilo lilimkasirisha Mhariri kuliko yote, maana lilikuwa kweli. Aliweka kompyuta mezani, juu ya karatasi za duka la magodoro.

"Baki nayo," alisema. "Toa kila ulichoweka. Herufi kubwa, rangi ya maziwa, vyote. Nataka nione daftari lilivyo."

"Unakwenda wapi?"

"Kesho asubuhi nasafiri. Usiniulize nitakaporudi ameniambia nini."

*

Ijumaa, saa tano kasoro robo, aligonga mlango wa ghorofa ya pili katika jengo ambalo alikuwa akilijua kwa maelezo tu: ngazi zenye ubao uliolegea, harufu ya rangi za mafuta mpaka koridoni. Moyo ulimwenda mbio. Akawaza, je, akifungua mwanamke? Akajichukia kwa kuwaza hivyo, na bado akasikiliza kama kuna sauti ya mwanamke ndani.

Alifungua yeye mwenyewe, na utepe wa gundi umemnata kwenye kiwiko. Nyuma yake maboksi yalijaa chumba kizima.

Hakumkaribisha. Hakufunga mlango pia.

"Umekuja na kompyuta?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Historia ya ukurasa uliitazama?"

Angeweza kusema hapana. Alilifikiria jambo hilo kwenye basi saa tatu nzima.

"Niliitazama. Ulikuwa umesema kweli. Na kile kipande alikiandika dada yangu, ile Jumapili uliyokuja."

Mchoraji aliegemea mwimo wa mlango. "Kwa hiyo umekuja kwa sababu ushahidi umenisafisha. Ungekuta tarehe za jana, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Angalau hapo hukunidanganya."

"Sijui kuamini vizuri," Mhariri alisema. "Sikufundishwa. Nyumbani kwetu tulifundishwa kuchungulia kwanza. Hata sasa hivi, kabla hujafungua, nilisikiliza kama kuna mwanamke ndani."

Kitu kilipita kwenye uso wa Mchoraji, karibu na kicheko. "Ukasikia nini?"

"Unabandua gundi na unatukana boksi."

Chini barabarani mtu alikuwa anarudisha gari nyuma na mwenzake anamwelekeza kwa makelele, kushoto, kushoto, simama.

"Mke wangu," alisema Mchoraji, akitazama gundi kwenye kiwiko chake, "alipata mtu mwingine. Niliondoka mimi, hilo ni kweli, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kwao. Sikutaka kumwanika mbele ya shangazi yako. Huwezi kulithibitisha. Halina tarehe popote."

Mhariri alihisi kile kidudu kikiinua kichwa ndani yake, kikiuliza, na je, na je. Alikisikia vizuri sana. Akakiacha kiulize.

"Nimekubali," alisema.

"Hivihivi?"

"Hivihivi. Uliniandikia kwamba neno langu moja linatosha. Najua Ijumaa yake imepita. Kazi umeshaikubali, sitakwambia uvunje mkataba. Ila mimi koma naweza kuzisahihisha popote penye meza. Nakuuliza kwa mdomo, usiniandikie. Bado unanitaka?"

Mchoraji alimtazama, jicho la mtu anayepima kitu kabla hajaweka penseli, kutoka kwenye nywele zilizovurugwa na upepo wa dirisha la basi mpaka kwenye ule mkono wenye kidole kirefu, ulioshika mkanda wa mkoba kwa nguvu. Alikuwa na shaka. Hakuificha, na Mhariri hakumwomba aifiche.

Kisha akarudi ndani. Kulikuwa na kiti kimoja tu ambacho hakijafungwa kamba, na juu yake boksi la brashi. Akalinyanyua boksi, akaliweka sakafuni, akapangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Kaa hapo kwenye mwanga," alisema. "Nimechoka kukusoma. Niache nikuangalie kwanza."